Kitabu cha picha kwa darasa la saba? Peleka tu

Mwalimu, shikamoo. Umeuliza kama vijana wako wa darasa la saba hapo Ilemela wataona unawafanya watoto ukiwaletea kitabu cha picha kuhusu watumwa waliotoroka. Watacheka mwanzoni. Waache wacheke.

Mimi nilianza na Henry Brown wa Marekani. Mkewe na watoto waliuzwa, naye mwaka 1849 akajifungia kwenye sanduku, akasafirishwa kama mzigo kutoka Richmond hadi Philadelphia, saa zipatazo 27. Kabla ya kufungua kitabu, chora sanduku lenyewe sakafuni kwa chaki: sentimita 90 kwa 60, kimo kama 80. Mwite kijana mrefu kuliko wote akae ndani. Wangu magoti yalimgusa kidevu, darasa likanyamaza. Njiani sanduku liligeuzwa, Brown akawa kichwa chini. Ukurasa huo usiusome, waache wautazame.

Halafu warudishe nyumbani: soko la watumwa Zanzibar lilifungwa 1873, na misafara ilitoka huku bara pia. Hapo maswali hayaishi, tenga vipindi viwili.

Nakala moja inatosha. Wakae nusu duara, kitabu kizunguke mkono kwa mkono, ila kwanza wanawe mikono. Wangu walitoka kula dagaa.