Debe la kununulia liwe ndilo la kuuzia

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii limeuliza: "Mkristo anayetafuta riziki sokoni aishije imani yake kati ya Jumatatu na Jumamosi?" Mimi nasema aanze na kipimo. Kabla ya kutazama mstari wa Biblia alioubandika ukutani, litazamwe debe lake, kisado chake, mizani yake, na namna anavyofunga mdomo wa gunia. Maandiko yanalitaja jambo hili waziwazi. Torati inamkataza mtu kuwa na mawe mawili ya kupimia mfukoni, kubwa na dogo, au vipimo viwili nyumbani mwake (Kumbukumbu la Torati 25:13-15). Nabii Amosi anawakemea wanaoipunguza efa, wanaoiongeza shekeli, jiwe la kupimia fedha, na kuuza takataka za ngano (Amosi 8:5-6). Efa ilikuwa kipimo cha ujazo wa nafaka, kama debe lilivyo kwetu. Maneno yale waliambiwa wauza nafaka.

Nianze na debe, maana hapo ndipo wengi wanapotelezea wakidhani wanafuata desturi tu. Debe ni lita 20. Mahindi makavu yakimiminwa taratibu ndani yake, kisha mdomo ukasawazishwa kwa ubao, hupatikana kilo 14 hadi 15. Debe hilohilo likitikiswa, likagongwa chini mara tatu na kujazwa mpaka lifanye kichuguu, linaweza kukaribia kilo 17. Mchuuzi anayenunua kwa kichuguu na kuuza kwa ubao hajagusa bati la debe lake, lakini ana vipimo viwili nyumbani mwake. Ndiyo maana watu husema madebe sita ni gunia la kilo 100: hesabu hiyo ni ya kichuguu. Ukiwauzia watu madebe sita ya kusawazisha kwa bei ya gunia, umewapa kilo zisizozidi 90.

Wengine huligusa na bati lenyewe. Debe la kununulia hutanuliwa mbavu kwa kugongwa kutoka ndani, na la kuuzia hugongwa kitako kiingie ndani au huwekewa boksi na nta chini. Kisado nacho kina ujanja wake: mkono unabaki ndani ya kopo wakati wa kumimina, au viazi vikubwa vinasimamishwa chini ili viache mapengo. Kulijua debe zima hakuhitaji fundi. Chukua chombo cha lita moja unachokiamini, mimina maji ndani ya debe ukihesabu. Likijaa kwenye 18 na nusu, limepungukiwa lita moja na nusu, yaani asilimia 7.5. Likipokea 21, limetanuliwa. Yote mawili yatupwe, au yateke maji ya ng'ombe, na libaki debe moja la kununulia na kuuzia, kwa mtindo mmoja: kama ni ubao ni ubao, kama ni kichuguu ni kichuguu.

Hapo mfanyabiashara atasema, "Jirani yangu ana debe bovu na anauza shilingi 18,000. Nikiweka debe zima nitafunga biashara." Hofu hiyo si ya kudharau, lakini ipigiwe hesabu kwanza. Debe lililopungukiwa asilimia 7.5 likiuzwa 18,000, bei yake ya kweli kwa debe zima ni kama 19,460. Wewe ukiuza zima kwa 19,000 bado umempunguzia mteja. Shida ni kwamba mteja haijui hesabu hiyo. Basi mwonyeshe: weka debe tupu na jagi la lita moja mbele ya genge, anayetaka kupima apime. Bora zaidi, andika bei ya kilo kwenye kadibodi na uuze kwa mizani. Wiki za kwanza wateja wataondoka wakifuata 18,000. Anayepikia familia kubwa ndiye hurudi mapema, kwa sababu anaona unga wake umefika siku gani.

Mizani nayo huharibika bila mtu kuiba. Springi ikichoka au ikishika kutu, mshale haurudi kwenye sifuri. Sahani ikibadilishwa na nyingine nzito, kila mteja analipia bati. Kila asubuhi, sahani ikiwa juu yake, hakikisha mshale upo kwenye sifuri na mizani haijaegemea ukuta. Kisha pima chupa ya maji ya lita moja na nusu ambayo haijafunguliwa: isome kilo moja na nusu na gramu chache za chupa yenyewe. Ikikosa, usiipinde springi kwa koleo. Tanzania mizani ya biashara huhakikiwa na Wakala wa Vipimo na kupigwa chapa. Aliyekata lakiri, yaani muhuri wa ukaguzi, ili "airekebishe" mwenyewe amejiondolea ushahidi wa uaminifu wake. Mwenye bucha akubaliane na mteja kuhusu mifupa kabla ya kupima, na apime nyama kabla ya kuifunga.

Unyevu ni eneo ambalo hata watu waaminifu hawalifikirii. Gunia la kilo 100 la mahindi yenye unyevu wa asilimia 18 lina kilo 82 tu za nafaka kavu. Yakianikwa mpaka asilimia 13, zinabaki kilo 94 na kidogo. Aliyeuza mabichi kwa bei ya makavu ameuza karibu kilo 6 za maji, na mnunuzi akiyaweka ghalani yatavunda. Kipimo cha mkulima ni chumvi: tia konzi moja ya mahindi na chumvi kavu kidogo kwenye chupa iliyokauka kabisa, tikisa, acha dakika chache. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado. Hakuna dhambi kuuza mahindi mabichi. Yaseme kuwa ni mabichi na uyapange bei yake.

Sasa lumbesa, ambayo naona ndiyo jeraha kubwa kuliko yote. Gunia la viazi hujazwa mpaka mdomoni, kisha huongezewa kipande cha gunia jingine au wavu wa kamba, likavishwa kilemba. Kule Nyandarua, Kenya, wakulima huliita mukurino, jina la muumini wa Akurino avaaye kilemba, kwa sababu hiyohiyo ya kilemba. Nchini humo kanuni za viazi za mwaka 2019 ziliweka mfuko wa kilo 50, na bado mapambano yanaendelea.

Mtu akisoma Luka 6:38 harakaharaka anaweza kudhani Bwana anaibariki lumbesa: kipimo cha kujaa, kushindiliwa na kusukwasukwa hata kumwagika. Asome mwanzo wa mstari. Unaanza na kutoa. Kushindilia ni haki ya anayetoa, itoke moyoni mwake. Mnunuzi anayesimama juu ya gunia la mwenzake akalikanyaga kwa mguu hajapewa, amechukua. Mama muuza nyanya anayeongeza mbili juu ya fungu baada ya kulipwa ndiye anayeutimiza mstari huo.

Tuseme bei waliyopatana mkulima na mnunuzi ni shilingi 70,000 kwa gunia, na gunia la haki ni kilo 100, yaani 700 kwa kilo. Kilemba kikiongeza kilo 30, mkulima amelipwa kama 538 kwa kilo. Kwa magunia 20, kilo 600 zimeondoka bila malipo: magunia sita, shilingi 420,000. Mnunuzi akitoa fungu la kumi la faida hiyo, shilingi 42,000, amemtolea Mungu mali ya mkulima. Na pale ushuru wa halmashauri unapohesabiwa kwa gunia, mzigo wa magunia 26 umelipiwa 20, wakati Paulo ameandika kwamba mtu wa ushuru alipwe ushuru (Warumi 13:7).

Tena kuna mbeba mzigo. Yeye hulipwa kwa gunia, na kilemba hakimwongezei kitu. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilitoa pendekezo kwamba mwanamume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55 kwa mara moja. Gunia la kilo 100 tayari limepita hapo, na la 130 ni zaidi ya mara mbili. Yakobo 5:4 anasema ujira uliozuiwa kwa hila unapiga kelele. Kilo 30 zilizobebwa bure mgongoni mwa kijana ni ujira wa namna hiyo.

Mkulima mmoja hawezi kuikataa lumbesa peke yake, na wahubiri wanaomwambia "simama imara" wamwelewe. Viazi vikishachimbwa vikakaa juani vinageuka kijani, lori linanguruma, na dalali anajua. Mlango pekee uko kabla ya jembe. Jumuiya, kanisa au chama cha ushirika wakubaliane kabla ya msimu: hakuna anayechimba mpaka bei ya kilo ipatikane, magunia yanashonwa ukingo kwa ukingo bila wavu, mizani moja ya kusimamisha gunia inanunuliwa kwa michango, na uzito unaandikwa kwenye daftari mbele ya pande zote. Watumie mifuko ya kilo 50, kwa sababu mfuko mdogo hauvutii kilemba na hauvunji mgongo. Makubaliano haya huvunjikia mahali pamoja: mzee wa kanisa mwenye shamba kubwa anauza usiku kwa lumbesa. Kwa hiyo wenye mashamba makubwa ndio watie sahihi kwanza.

Wengine wanaosoma hapa wamekwisha kununua kwa kilemba miaka mingi, na watauliza toba yao inafananaje. Toba hiyo ina hesabu. Mambo ya Walawi 6 inasema aliyedhulumu arudishe alichochukua, aongeze na sehemu ya tano. Kwa mfano wetu, 420,000 na 84,000 ni 504,000. Zakayo, yule mtoza ushuru wa Luka 19, alijipandishia mwenyewe hadi mara nne. Asiye na fedha hizo kwa mkupuo alipe kwa awamu, kila msimu sehemu yake. Mkulima akiwa amefariki, walipwe warithi. Pale tu ambapo hajulikani kabisa, kama wale walionunua visado pungufu njiani, ndipo fedha iende kwa maskini. Hesabu 5:8 nayo inatoa njia kwa asiye na jamaa: malipo yawe ya Bwana, apewe kuhani. Kuruka wanaojulikana na kupeleka yote kanisani kwenye bahasha nono ni kukwepa, maana Mathayo 5:24 inasema sadaka iachwe pale mbele ya madhabahu mpaka mtu apatane na ndugu yake.

Aende mwenyewe, bila mchungaji wa kumshuhudia na bila simu ya kupiga picha, na daftari lake mkononi. Maneno yanatosha kuwa haya: "Mzee, magunia yako ishirini ya mwaka jana niliyafunga kwa kilemba. Nimepiga hesabu, hii ni sehemu ya kwanza. Tazama kama nimekosea kuhesabu."