Regulata ikizingua ukiwa chini ya maji: yaliyonikuta mita 16

Mkuu mleta uzi, umesema unafanya kazi hapa Dodoma, Julai unaenda Zanzibar kujifunza kuzamia, na usiku unawaza vifaa vikigoma ukiwa chini utafanyaje. Jamaa hapo juu amekujibu, "bana pumzi, piga mapezi, toka fasta." Aniwie radhi, lakini ushauri huo ndio unaoua watu.

Hewa unayovuta chini imebanwa. Mita 10 presha ni mara mbili ya ile ya usawa wa bahari, mita 20 mara tatu. Ukivuta kifua kizima mita 10 halafu ukapanda umebana pumzi, ile hewa inataka nafasi mara mbili, na kifua hakina. Mapafu yanachanika. Hata mita mbili tatu za mwisho zinatosha kukudhuru. Kwa hiyo kiharibike chochote kile, wewe endelea kupumua, na kama huna cha kuvuta basi toa hewa kidogo kidogo, "aaaa", mpaka juu.

Sasa yangu. Nilijifunza Nungwi, kule Zanzibar, nikanogewa, nikanunua regulata yangu mwenyewe, yaani kile kifaa kinachokuletea hewa ya mtungi mdomoni. (Ofisini walinicheka, maana huku bara ukisema wewe ni mzamiaji wanadhani ulijificha kwenye meli kwenda Ulaya.) Ile regulata ikakaa juu ya kabati nyumbani Ilazo, hapa Dodoma, zaidi ya mwaka. Vumbi letu mnalijua: funga madirisha yote, jioni bado unaandika jina mezani kwa kidole. Na mpira kwenye hewa kavu hii hukakamaa. Nikaifuta kwa kitambaa, nikaona inang'aa, nikasafiri nayo.

Kwenye boti, karibu na kisiwa cha Mnemba, Zanzibar, nilipofungua mtungi ikaanza kulia ssss, kidogo tu. Nikaibonyeza mara mbili, ikanyamaza, kisha ikaanza tena. Niliona haya kuwachelewesha watu nane walioshavaa. Nikajiambia itatulia ikiingia majini.

Haikutulia. Tukiwa mita 16 mdomoni pakalipuka, hewa ikawa inamwagika yenyewe, mapovu yamenifunika uso, sioni mbele, na kelele zake hujawahi kusikia. Mwili wote unakuambia: juu! Kilichonisaidia ni kitu kimoja alichokuwa akikirudia mwalimu wangu kila siku: regulata nyingi zimeundwa zikiharibika zifunguke, zisijifunge. Maana yake una hewa nyingi kupita kiasi, siyo kwamba umekosa. Unalegeza midomo, unaacha ya ziada itoke pembeni, unavuta ile unayohitaji. Ni kama kunywa maji kwenye bomba lenye presha: hulibani kwa midomo, unakinga tu.

Nikavuta hivyo pumzi nne au tano. Lakini geji inayoonyesha presha ya mtungi inashuka ukiiangalia, kwa hiyo hapo siyo pa kukaa. Nikamwonyesha mwenzangu ishara, akanipa kipumulio chake cha akiba, kile cha njano ambacho wenyewe wanakiita pweza. Tukashikana mikanda ya majaketi ya kuzamia, yale yanayojazwa hewa ili uelee, tukapanda taratibu tunaangaliana machoni. Geji yangu ilikuwa baa 130 mambo yalipoanza. Tulipofika juu ilikuwa chini ya 30, na hatukukawia.

Fundi alipoifungua alikuta kiti cha plastiki, kile kidude kinachoziba vali, cha hatua ya kwanza, ile sehemu inayokaa kwenye mtungi, kimechoka. Presha ikawa inavuja kidogo kidogo kuelekea mdomoni mpaka vali ya mbele ikashindwa kuizuia. Ile ssss ya kwenye boti ilikuwa inaniambia hayo hayo.

Mengine kwa kifupi, kwa kuwa umeuliza "vifaa" vyote.

Kabla ya kuruka, vuta pumzi kadhaa kwenye regulata huku unatazama geji. Mshale ukicheza, unashuka ukivuta na kurudi ukiacha, mtungi haujafunguliwa sawasawa. Juu hutahisi kitu. Chini hewa itakuwa nzito kuvuta. Hili nimeliona kwa watu wazoefu kuliko wageni, maana mgeni anaogopa na anakagua.

Jaketi likianza kujijaza lenyewe, litakubeba juu kama puto. Chomoa ule mpira unaolijaza na papo hapo toa hewa. Kiungo chake kinachomoka kama cha kompresa ya fundi pancha: unavuta pete nyuma, unaachia. Jifunze kukichomoa bila kuangalia. Mimi nilijizoeza sebuleni, nimefumba macho, wanangu wakinishangaa.

Mpira wa geji ukipasuka unatisha kuliko madhara yake, kwa sababu tundu linaloupelekea hewa ni dogo kama la sindano. Mpira wa kupumulia ukipasuka ndio unaomaliza mtungi haraka. Vyovyote vile safari imeisha: mwenzako, pweza, juu. Miwani ikijaa maji, shikilia fremu juu, pandisha uso, puliza kwa pua. Kompyuta ya kuzamia, ile ya mkononi inayokuhesabia kina na muda, ikizima, panda taratibu na mwenzako, tulia mita 5 kwa dakika tatu.

Na ukikosa vyote, hewa imeisha na mwenzako haonekani, ogelea juu na "aaaa" yako bila kutoa regulata mdomoni. Ukipanda presha inapungua, na mtungi uliodhani ni mtupu unaweza kukupa pumzi moja zaidi.

Umeuliza pia ununue nini. Miwani inayokaa vizuri usoni mwako, basi. Vingine kodisha kule kule, vinatumika kila siku na vinafanyiwa matengenezo. Ukitaka chako, kihifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko, na kipeleke kwa fundi kabla ya safari.

La mwisho wengi hawalifikirii. Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Ukizamia asubuhi, ukapanda boti ya mchana na SGR ya jioni, mwili wako unapanda mlima ukiwa bado na naitrojeni iliyoingia kwa ile hewa uliyovuta chini, karibu sawa na kupanda ndege. Baada ya mzamio mmoja subiri angalau muda wa masaa 12. Ukizamia siku kadhaa mfululizo, masaa 18. Kama ulitoka majini haraka kwa sababu ya hitilafu, au unasikia ganzi na viungo vinauma, usisafiri kabisa kabla ya kuonwa na daktari. Tiketi ya kurudi kata ya kesho yake.