Mbona kanji moja ina matamshi manne? Jibu kwa anayejifunza Kijapani

Swali: Mwalimu shikamoo. Huu mwaka wa pili najifunza Kijapani na nimekwama kwenye kanji 行 (kanji ni zile herufi za Kichina zinazotumika kwenye Kijapani). Kwenye ginkō yaani benki inasomwa kō, kwenye shugyō, yale mazoezi ya kiroho ya watawa, inakuwa gyō, kwenye andon ile taa ya zamani ya karatasi inakuwa an, afu ikisimama na maana ya kwenda inakuwa iku. Kuna kanuni au nikariri tu? Na kama waliitoa China, kwanini hawakuchukua tamshi moja yakaisha?

Jibu: Marahaba. Kanuni ipo, ila usiitafute kwenye sarufi, itafute kwenye historia. Wajapani hawakupokea maandishi ya Kichina kwa mkupuo, yaliingia kwa mafungu, na kila fungu lilikuja na lafudhi ya huko lilikotoka, kwahiyo hayo matamshi unayoona ni kama tabaka za udongo, moja juu ya lingine.

Tabaka la kwanza linaitwa go-on. Liliingia zaidi kupitia Baekje, ufalme uliokuwa kwenye rasi ya Korea, likiwa na matamshi ya China ya kusini, na mzigo mkubwa ulioambatana nalo ni dini. Mwaka 538 (Nihon Shoki, kitabu cha kale cha historia ya Japani, chenyewe kinasema 552) mfalme wa Baekje alituma sanamu ya Budha pamoja na sutra, yaani maandiko ya Kibudha, na sutra zile zilikuwa kwa Kichina. Watawa wakazishika kwa matamshi hayohayo na mpaka leo ukiingia hekaluni, madhehebu mengi wanaghani kwa go-on. Gyō yako ya shugyō imetoka hapo.

La pili ni kan-on. Kuanzia mwaka 630 Japani ilituma wajumbe kwenye utawala wa Tang huko China, na pamoja nao watawa na wanafunzi ambao wengine walikaa huko miaka mingi, wakasoma sheria, unajimu, falsafa ya Konfusio, na walirudi na mengi kiasi kwamba hata mji wa Nara ulipoanza kuwa makao makuu mwaka 710 mitaa yake ilikuwa imepangwa kwa mistari iliyonyooka kufuata mfano wa Chang'an, mji mkuu wa Tang. Sasa hawa wakarudi wanasema kō wakati nyumbani watu wanasema gyō, na mwishoni mwa karne ya 8 serikali ikashinikiza wasomi wafuate lafudhi mpya ya Chang'an, hata watawa wanafunzi wakaambiwa waisome. Ila hekaluni go-on haikung'oka, maana neno la ibada ambalo watu wameshalihifadhi kifuani halitoki kwa amri. Basi yakabaki yote mawili. Tabaka la tatu, tō-on, ni dogo, lililetwa na watawa wa Zen (dhehebu la Kibudha) na wafanyabiashara kuanzia karne ya 13 hivi, an ya andon ni ya humo.

Iku sasa siyo Kichina kabisa, ni neno lao wenyewe lililovishwa herufi ya kigeni kwa sababu maana inalingana. Na hapa ndo napenda sana wanafunzi wangu wapaelewe, kwasababu sisi tuna kitu kinachofanana. Tunahesabu moja, mbili, tatu kwa Kibantu, tukifika sita na saba tunaingia Kiarabu, na tisa nayo ni ya Kiarabu, wakati kenda (yaani tisa) ipo na fungate ipo, ile fungate ya maharusi asili yake ni saba. Wajapani nao kwa moja na mbili wana “hitotsu” na “futatsu” za kwao, pamoja na “ichi” na “ni” zilizotoka Kichina, zote zinatumika kila siku.

Kilichowatesa zaidi ni vitenzi. Kichina hakinyambuliki, Kijapani kinabandika vitu mwishoni mwa kitenzi, iku (kwenda), ikanai (kutokwenda), ikimasu (kwenda, kwa adabu), sasa hiyo mikia utaiandika na nini? Mbinu ilikuwepo zamani: upanga wa Inariyama, upanga wa kale uliopatikana kaburini Japani, ambao kwa kawaida huwekwa mwaka 471, ulifukuliwa 1968 ukiwa umeshikwa kutu, na miaka 10 baadaye eksirei ikaonyesha herufi 115 za dhahabu, na ndani yake majina ya watu yameandikwa kwa kutumia herufi za Kichina kama sauti tu, maana yake imewekwa kando. Mbinu hiyohiyo ikakua, kwa mfano 加 ikichukuliwa kwa sauti ya ka, ikiandikwa haraka kwa brashi ikawa か, na watawa waliotaka kuweka alama ndogo pembeni ya sutra wakakata upande wake wa kushoto tu, ikawa カ. Hiragana (kama か) na katakana (kama カ), yaani herufi za sauti za Kijapani, zimezaliwa hivo.

Kwahiyo ukikutana na kanji ina mkia wa hiragana, kama 行く, anza na neno la Kijapani. Zikishikana mbili jaribu kan-on kwanza, na ukiona harufu ya dini jaribu go-on. Haishiki kila mahali, gyōretsu ni foleni tu ya watu na bado ni gyō, ndo maana nasema kariri neno zima usikariri orodha ya matamshi. Angalia 経, hekaluni ni kyō yaani sutra, kwenye keizai yaani uchumi ni kei.

Wiki hii fanyia kazi 人: hito (mtu) peke yake, ningen (binadamu), jinsei (maisha ya mtu). Ningen ilianza kama neno la Kibudha, kwahiyo nin ni ya tabaka gani, na jin je? Niandikie ulivyopata.