Ndoa za jinsia moja Marekani: majaji hawakuamka tu wakaamua

Ndugu zetu mlioko nyumbani, mnatuuliza imekuwaje majaji tisa wa Mahakama ya Juu, Washington, wahalalishe ndoa za jinsia moja nchi nzima na kuwaamulia Wamarekani wote nani aoane na nani. Tena waligawanyika, watano kwa wanne, Juni 26, 2015. Lakini jaji wa huku hajitungii kesi. Lazima aje mtu mwenye hasara yake mkononi.

Edith Windsor alikuja na deni la kodi. Alifunga ndoa na Thea Spyer huko Toronto mwaka 2007. Spyer alipofariki 2009, serikali kuu ikamdai kodi ya mirathi dola 363,053, kwa sababu kifungu cha sheria ya 1996 hakikuwatambua kuwa wanandoa. Angekuwa mjane wa mwanamume, asingedaiwa hata senti. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ikakifuta kifungu hicho.

Jim Obergefell yeye aligombania cheti cha kifo. Mwenzake John Arthur alikuwa mahututi, na jimbo lao la Ohio halikuwafungisha ndoa, kwa hiyo walioana Julai 2013 ndani ya ndege ya wagonjwa, uwanjani Maryland, wakageuza kurudi. Ohio haikutaka Obergefell aandikwe mgane.

Hata hivyo Mahakama ya Juu ilikwepa kwanza: Oktoba 2014 ilizitupa rufaa za majimbo matano. Mwezi uliofuata mahakama ya rufaa ya Cincinnati ikaamua kinyume na zenzake, kwamba majimbo yanaweza kuzikataza ndoa hizi, na hapo Mahakama ya Juu ikabidi isikilize.

Sasa makaratasi, maana ndiyo mnayoyataka hasa. Fomu I-130, ya kumwombea mwenzi au ndugu ukaazi wa Marekani, inamfaa mwenzi wa jinsia moja sawasawa na mwingine, mradi ndoa ni halali pale ilipofungwa. Dar au Nairobi haifungiki. Raia wa Marekani anaweza kumwombea mwenzake viza ya mchumba, K-1, wakaoana ndani ya siku 90 baada ya kuingia. Mwenye green card, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, hana njia hiyo. Kinachokwamisha ni ushahidi: watu walioishi kwa kujificha hawana picha za pamoja, mkataba wa nyumba wala shangazi wa kuwaandikia barua.

Na msidhani imekwisha. Sheria ya Desemba 2022 inailazimisha serikali kuu iitambue ndoa halali, na majimbo yaitambue iliyofungwa jimbo jingine, basi. Hukumu ya 2015 ikitenguliwa, jimbo ambalo katazo lake la zamani bado limo kwenye vitabu linaweza kuacha kutoa leseni.