Uliza Mtembezi: Siku moja Mji Mkongwe, magoti ya mama, na Mombasa zaidi ya Fort Jesus

SWALI: Mtembezi habari. Mi wa Kahama, mwezi ujao nina semina Dar afu nimebakiza Jumamosi moja, nataka nivuke Unguja na boti ya asubuhi nirudi na ya jioni. Sasa kila mtu ana lake, mara chukua teksi, mara lipa mtu akutembeze, mara usithubutu kuingia vichochoroni peke yako utapotea. Mi nataka kutembea kwa miguu tu nijionee. Inawezekana au najidanganya?

JIBU: Inawezekana kabisa. Na hao wa teksi wasikubabaishe, gari lenyewe haliingii huko ndani, vichochoro vingine ukinyoosha mikono unagusa kuta za pande zote mbili.

Kuhusu kupotea, utapotea, hilo nakuhakikishia, ila hutopotelea mbali. Angalia ramani vizuri: Mji Mkongwe umekaa kama pembetatu, pande mbili bahari, upande wa tatu barabara kubwa ya Darajani, ile wazee bado wanaiita Creek Road manake zamani palikuwa na mkono wa bahari pale, na daraja la kuvukia kwenda Ng'ambo, ndo jina Darajani likazaliwa. Kwa hiyo ukishika njia yoyote ukaifuata bila kurudi nyuma, ndani ya robo saa hivi umetokea baharini au barabarani. Google Maps humo ndani inaruka ruka kama panzi, iweke mfukoni.

Ukitoka bandarini Malindi utapokelewa na mapapasi, yani vijana wa "karibu bosi, hoteli, teksi, spaisi". Usigombane nao, wala usijifanye huwasikii, wasalimie, sema ahsante ndugu yangu nimefika, tembea. Kusimama kuanza kujieleza ndo kosa. Ukitaka kweli mtu wa kukutembeza chukua mwenye kitambulisho cha kazi na mpatane bei kabla hamjapiga hatua.

Bahari iwe mkono wa kulia. Mbele yako tu kuna jengo la Old Dispensary lenye baraza za mbao zimechongwa kama lesi, lilimalizwa 1894, tajiri wa Kihindi Tharia Topan ndo aliyelianzisha. Endelea, utapita Mtini, ule mti mkubwa wenye kivuli cha wenye boti, afu kasri la masultani, afu Beit al-Ajaib, yani Nyumba ya Maajabu. Hii ilijengwa 1883 zama za Sultan Barghash na ilikuwa na umeme na lifti wakati miji mingi huku kwetu bado koroboi. Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka ikiwa kwenye ukarabati, wakafariki watu wawili, kwa hiyo ulizia kwanza kama wanaingiza watu, kama hapana itazame tu kutokea upande wa bustani ya Forodhani.

Hapo sasa achana na bahari, zama ndani. Wageni wengi wanafanya kosa hapa, wanarudi rudi kwenye maduka ya vinyago mpaka saa ya boti. Wewe pita Hurumzi uelekee Mkunazini kwenye kanisa la Anglikana. Pale ndo lilikuwa soko la watumwa mpaka lilipofungwa 1873. Askofu Steere akajenga kanisa juu yake, na ukisogea madhabahuni utaona duara la marumaru nyeupe sakafuni, mahali palipokuwa na mti wa kuchapia watu viboko. Nje kuna shimo lina sanamu za watu watano wana minyororo shingoni. Usipige selfi pale jamani, nimewaona wanaopiga wakicheka, inatia aibu.

Ukitoka hapo Darajani ni pua na mdomo, kula urojo, pumzika. Afu rudi ndani taratibu kwa Soko Muhogo mpaka Jaws Corner, kaa unywe kahawa, sikiliza ubishi wa mpira na siasa. Saa hizo anza kuangalia milango. Simama mbele ya mmoja tu, usikimbilie kupiga picha hamsini. Angalia kizingiti cha juu: mlango ukiwa wa mraba juu huo ni mtindo wa Kiomani, ukiwa na tao ujue mkono wa Wahindi umepita. Angalia mfaa, ule mhimili wa katikati, umechongwa kuanzia juu mpaka chini, afu njumu za shaba, afu mnyororo uliochongwa pembeni ya fremu. Ukiuliza maana ya huo mnyororo watu watatu utapata maana tatu, na kila mmoja anaapa.

Kwa ratiba yako chakula cha Forodhani utakikosa, kinaanza jua likizama na wewe uko kwenye boti unaelekea Dar. Ndo gharama ya kurudi siku hiyo hiyo. Ukipata namna ya kulala, lala.

SWALI: Mimi nipo Morogoro, nataka nimpeleke mama yangu Zanzibar, ana miaka 68 na magoti yanamsumbua. Je, huko kwa kutembea si nitamtesa? — Mama Wawili

JIBU: Dada, mji wenyewe ni tambarare, shida sio vichochoro, shida ni ngazi za ndani ya nyumba za zamani, zina mwinuko mkali, na hoteli nyingi za humo ni nyumba hizo hizo. Omba chumba cha chini kabla hujalipa, usisubiri ufike.

Njiani ana pa kukaa kila baada ya nyumba chache. Zile baraza za mawe nje ya nyumba zimewekwa kwa ajili ya kukaa watu, na mvua ikinyesha maji yakapita njiani watu wanatembea juu yake. Mama apige hodi au atoe salamu, wewe mwamkie mkubwa shikamoo, hakuna atakayewafukuza, shida itakuwa kumwondoa mama kwenye maongezi. Mtoke asubuhi na baada ya alasiri, mchana alale. Kuta ndefu na njia nyembamba zinaleta kivuli kizuri sana ila saa saba mchana jua linaingia wima, hamna kivuli cha mtu wala cha ukuta.

SWALI: Sasa Mtembezi. Mimi ni wa Nairobi, nimeenda Mombasa kama mara sita, kila mara ni beach na Fort Jesus basi. Beshte yangu anasema Old Town ni nyumba kuukuu tu hakuna kitu. Niambie ukweli.

JIBU: Beshte yako alipita na tuktuk.

Fort Jesus yenyewe naamini uliipitia mbio. Wareno waliianza 1593, mchoraji alikuwa Mtaliano, Cairati, na ukiiona kutoka juu ina umbo la mtu amelala. Waomani waliizingira kuanzia 1696, karibu miaka mitatu watu wamefungiwa mle ndani, mpaka 1698 ikaanguka. Baadae Waingereza wakaifanya jela, 1895 mpaka 1958. Sasa toka nje na hiyo hesabu kichwani, ingia Ndia Kuu. Jina tu linakwambia, ndia ni njia kwa Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, hii ilikuwa ndo barabara ya mji. Tembea ukitazama juu, roshani za mbao ziko juu, chini utaona maduka tu. Utafika msikiti wa Mandhry, ulijengwa 1570, yani huo msikiti ulikuwepo kabla ya ngome. Watu wanaswali mle mpaka leo, sio makumbusho, kwa hiyo usichungulie chungulie mlangoni.

Malizia bandari ya zamani. Afu urudi na njaa, viazi karai vya jioni na ukwaju, au asubuhi mahamri kwa mbaazi. Kahawa chungu ya mwenye dele, lile birika la kahawa, barabarani usiikatae, unywe na kashata. Beshte mwachie beach.

SWALI: Lamu inafaa kutembea kwa miguu?

JIBU: Kuna miguu na kuna punda, chagua. Punda ndo mwenye njia, akija na mzigo wa mawe wewe jibanze ukutani au ruka kwenye daka la mtu, yani kibaraza cha mlangoni, usibishane naye. Kwenda kijiji cha Shela ni kama kilomita tatu kwa ufukweni, uliza maji yanajaa saa ngapi kabla hujatoka, yakijaa utavua viatu.

SWALI: Naruhusiwa kupiga picha watu mitaani? Nisiwe mshamba.

JIBU: Uliza kwanza, basi. Wanawake hasa, na watoto muulize mzazi. Mi mwenyewe yalinikuta, nilimpiga picha mzee mmoja anacheza bao barazani, nikadhani hajaniona. Akainua kichwa akasema, "Umeshachukua chako, sasa kaa nichukue changu." Akanikalisha. Alinifunga mara nne, mara ya nne baraza zima limesimama linacheka, na picha yenyewe ilitoka imetikisika.