Kabla ya kugawa unga, nunua daftari

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Sengerema alinipigia simu. Yeye na wenzake wamepata chumba, wamepata mizani, wamepata na mtu wa kuwapa gunia kumi za mahindi kila mwezi. Wanataka kufungua ghala la chakula kwa ajili ya kaya zisizojiweza. "Kaka, tuanzie wapi?" Nikamwambia aanze kwa kununua daftari. Alicheka, akadhani namtania, na kabla sijamweleza salio likakata. Basi naandika hapa, asome yeye na wengine wenye mpango kama wake.

Kabla ya mambo haya nilikuwa karani wa mizani kule Mwaloni, soko la dagaa la Kirumba, Mwanza. Kazi yangu ilikuwa kusimama kando ya magunia ya dagaa, naita kilo, naandika, naita tena. Ghala letu, ambalo watu wa miradi wanapenda kuliita benki ya chakula, lilianza baadaye, katika chumba kimoja nyuma ya nyumba ya ibada, kwenye mtaa ulio juu ya mawe. Bodaboda anakushusha chini barabarani, kutoka hapo gunia linapanda kwa mabega ya watu. Tuligawa unga, maharage na dagaa kila Jumamosi asubuhi.

Mwaka wa kwanza nilijiona nafanya kazi kubwa. Mwaka wa pili nikaanza kuitazama foleni vizuri. Sura ni zilezile. Kulikuwa na mayu mmoja, yaani mama kwa Kisukuma, aliyekuwa akinipa "mwangaluka", salamu yetu ya asubuhi, kabla sijainua kichwa, nikawa namjua kwa sauti. Alipokuja mara ya kwanza alikuwa na mjukuu mgongoni. Sasa mjukuu anatembea, na mfuko wa unga anaushika yeye.

Hapo nikapata hasira, na hasira ikanipeleka pabaya. Niliandika hotuba ya kurasa nne juu ya njaa, nikamwomba yule mayu anisindikize, tukaenda kwenye kikao cha wakubwa. Nilisoma kurasa zangu zote. Nikamsimamisha mayu, nikasema, "Huyu mnayemwona hapa jana hakula." Watu wakatikisa vichwa. Mwenyekiti wa kikao akasema, "Tumelipokea, litafanyiwa kazi," wakaenda kwenye ajenda inayofuata. Tukiwa tunashuka ngazi mayu akaniambia, bila hasira, "Mwanangu, ungeniambia unakwenda kunionyesha, ningevaa ile kanga nyingine."

Sijawahi kumsimamisha mtu namna ile tena. Na ile "itafanyiwa kazi" nilikuja kuielewa baadaye. Niliwapelekea njaa, na njaa haina kifungu kwenye bajeti. Hata kama mle ndani kungekuwa na mtu mwenye huruma kuliko wote duniani, angeandika nini kwenye karatasi yake?

Ndipo nikarudi kwenye ukarani. Daftari la ghala letu lilikuwa na jina, idadi ya watu nyumbani, kilo zilizotolewa. Hayo ni ya kumfurahisha mfadhili. Nikaongeza safu moja: *wiki hii imekuwaje?* Kila anayefika mezani anaulizwa hivyo tu, taratibu, na jibu linaandikwa kama alivyolisema. "Mwezi mkubwa." "Dagaa wamenyeshewa." "Mtoto karudishwa shule." "Nimelipa kodi ya chumba." Msihoji kama polisi, wala msiandike jina kwenye safu hiyo; ukurasa wa majibu uwe peke yake, ili siku daftari likiangukia mikononi mwa mtu lisimuaibishe yeyote.

Baada ya miezi kadhaa tulikaa chini ya mwembe, tukahesabu kwa vijiti. Kitu cha kwanza kilichojitokeza ni mbalamwezi. Mtu wa bara atashangaa, lakini wa ziwani anajua: dagaa huvuliwa gizani kwa taa, na mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti kitu, mitumbwi inalala ufukweni. Siku hizo mvuvi halipwi, mbebaji halipwi, mwanamke anayeanika halipwi. Foleni yetu ilikuwa inarefuka na kufupika kwa kufuata mwezi, na sisi miaka miwili tulikuwa tukigawa kiasi kilekile kila Jumamosi kama vipofu! Watu wa mbali hupenda kuniuliza inakuwaje mtu alale njaa kando ya ziwa lenye samaki wote hao. Ziwa halikopeshi. Minofu ya sangara inapanda ndege kwenda Ulaya, mapanki, yaani vichwa na mifupa iliyobaki, ndiyo yanayorudi mtaani, na hayo nayo yananunuliwa kwa pesa.

Sababu ya mbalamwezi hatukuhitaji kumpelekea mtu yeyote, tulipanga upya ugawaji wetu wenyewe. Sababu nyingine zilikuwa na mwenyewe. Huu ndio ushauri wangu mkubwa kwa yule kijana wa Sengerema: chukua kila jibu lililojirudia kwenye daftari, uliza nani anaamua jambo hili, anakaa kikao gani, na kikao hicho ni mwezi gani. Jibu lisilo na kikao liache kwanza.

Chukua la mtoto kurudishwa shule. Ada ilifutwa, kila mtu anajua, lakini uji na makande ya mchana ni michango ya wazazi, na mwongozo wa serikali wa chakula shuleni nao unaitegemea jamii kuchangia. Shule moja ya jirani, siitaji, ilikuwa na utaratibu kwamba ambaye mzazi wake hajatoa hapangwi kwenye mstari wa uji. Anakaa pembeni, anawatazama wenzake wakipuliza vikombe. Wengine waliona afadhali wasiende kabisa.

Mimi nilitaka kwenda kwa mkuu wa mkoa. Bibi mmoja mwanika dagaa, ambaye hajui kusoma lakini anajua watu, akaniuliza, "Hilo la uji nani alilipitisha?" Tukafuatilia. Lilipitishwa na mkutano wa wazazi! Wazazi waliohudhuria, yaani wale wenye nafasi ya kuhudhuria saa nne asubuhi siku ya kazi. Basi hakukuwa na haja ya mkuu wa mkoa. Tulihitaji wazazi wetu waende kwenye mkutano unaofuata, wawe wengi, na wawe na ombi moja ambalo mwalimu mkuu anaweza kulikubali bila kupiga simu kwa mtu.

Tulifanya mazoezi wiki tatu. Mmoja anajifanya mwalimu, mmoja mwenyekiti wa kamati ya shule, mmoja mzazi mkali wa "na sisi tumetoa, mbona wao wasitoe?" Huyo mzazi mkali ndiye alitusaidia kuliko wote, maana swali lake lilikuwa la haki na tulikuwa hatuna jibu. Jibu lilitoka kwa mama mmoja muuza mbogamboga: sisi hatukatai kutoa, tunakosa hela taslimu mwezi wa kwanza. Tutoe kuni, tutoe maji, tutoe mahindi au michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, baada ya mavuno, tupike kwa zamu, na mtoto asitolewe kwenye mstari wakati mzazi wake anamalizia. Siku ya mkutano alisimama yeye. Mimi nilikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, nimefunga mdomo, na niamini, ni kazi ngumu kuliko kuhutubia. Likapita. Si kwa kishindo. Michembe waliikataa, wakasema itawashinda kupika, wakakubali kuni, mahindi na zamu. Majina ya watoto wa shule ile yakaanza kupungua kwenye safu yetu.

Kuna kitu kingine ambacho wengi wenye maghala hawakijui, na kimeandikwa wazi. Tangu 2017 wakuu wa mikoa hutia saini mkataba wa lishe na serikali, na 2022 ulitiwa saini upya mbele ya Rais Samia. Humo halmashauri inatakiwa itenge angalau shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto wa chini ya miaka 5 kwa ajili ya shughuli za lishe. Ndogo, ndiyo. Lakini ina namba, na penye namba karani ana kazi. Mtaa wenye watoto 400 hiyo ni laki nne. Swali la kuuliza ni fupi: zimetengwa ngapi, na zimetoka ngapi? Maana kutenga ni kuandika tu. Fedha iliyotengwa inaweza kulala kwenye karatasi mpaka Juni 30 ikafa pale pale.

Tulipoanza kuliuliza hilo, mtu wa kwanza kutufurahia alikuwa afisa lishe. Nilikuwa nimemwogopa bure. Kumbe yeye kila robo anaandika taarifa kwamba fedha haijatoka, na hakuna anayeisoma. Wananchi kumi wakimuuliza diwani wao swali lilelile, anapata nguvu ya kuingia nalo ofisini. Kwa hiyo usiende halmashauri ukiwa umekunja uso. Humo ndani kuna mtu anayetaka unachokitaka, mtafute. Na vikao vya baraza la madiwani viko wazi kwa mwananchi, nenda ukakae usikilize hata kama huna la kusema. Kikao cha robo mwaka ya kwanza unasinzia, cha ya pili unaanza kujua nani anamwogopa nani.

Muda nao. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, ila ukienda na ombi lako mwezi wa tano umekwenda kuangalia plasta imekauka. Mipango huanzia mitaani, ikapanda kwenye kamati ya maendeleo ya kata, ndipo halmashauri, miezi mingi kabla. Sisi sasa tunaanza kusumbua watu Septemba.

Kuna waliotuambia ghala lishughulike na unga, siasa waachiwe wenye siasa. Wamarekani, ambao benki ya chakula ya kwanza waliifungua Phoenix, Arizona, mwaka 1967, siku hizi wana watu wa kudumu kwenye maghala yao ambao kazi yao ni kufuatilia sheria na bajeti tu. Mtandao wao mkubwa wa maghala hayo, Feeding America, husema kwamba kwa kila mlo mmoja unaotoka kwao, mpango wa chakula wa serikali, SNAP, hutoa milo tisa. Sasa wao wana malori na mabohari ya baridi. Sisi wenye chumba kimoja na mizani ya kuning'iniza tutabishana na hesabu hiyo? Wala hatuhitaji kwenda mbali. Wazee wa pamba wa kanda hii, kabla ya Uhuru, walianza kujipanga kwa jambo dogo la mizani: waliona wanunuzi wanawaibia kilo, wakaweka watu wao wa kupima upya. Kutoka hapo vikaja vyama vya ushirika, na 1955 shirikisho la ushirika la Victoria likiongozwa na Paul Bomani.

Mambo mengine kwa haraka. Usilipe mtu posho ya kuja kwenye kikao cha mtaa wake mwenyewe; nauli na chai inatosha, ukianza posho utabaki na wapenda posho. Picha za watu wakipokea unga, sisi tuliacha. Barua ipitie kwa mtendaji wa mtaa hata kama unajua njia ya mkato, kwa sababu siku moja utamhitaji na atakukumbusha. Na mwaka wa uchaguzi fungeni mlango mapema. Kabla ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024 kuna mheshimiwa mtarajiwa alitaka kutuletea mahindi kwenye mifuko yenye sura yake. Tulikataa, na Jumamosi ile tuligawa nusu kilo nusu kilo. Watu walinung'unika, na sikuwa na jibu zuri la kuwapa. Hata sasa sina. Mtu mwenye njaa leo haelewi, wala halazimiki kuelewa, kwamba unalinda nafasi yako ya kuuliza swali mwakani.

Sasa hivi tuko kwenye la dagaa kunyeshewa. Wanaoanika mchangani, mvua moja ya mchana inawamaliza, na hata wasiponyeshewa, dagaa wa mchanga bei yake iko chini ya waliokauka juu ya chanja. Tunaomba eneo la chanja na turubai, basi. Barua ya kwanza ilirudi kwa sababu haikuwa na muhuri. Ya pili ina muhuri, na Jumatatu yule bibi mwanika dagaa ataipeleka mwenyewe kwa diwani pamoja na kisado cha dagaa wa mchangani, wamechemshwa tayari, diwani aonje. Nimemwomba awaoshe kidogo kwanza. Kakataa.