Kipimo cha hepatitis B kinasema hana, mbona ini bado linaumwa?

Swali: Shikamoo daktari. Mke wangu ana miaka 34. Miezi minane sasa ALT yake, kipimo cha damu kinachoonyesha ini kuumia, iko juu, karibu mara tatu ya kawaida. Hanywi pombe. Amepimwa hepatitis B na C, hana. Nimesikia kirusi hubadilika kikakwepa kipimo. Ni kweli?

Jibu: Marahaba, na poleni sana. Ni kweli, hutokea, ingawa si mara nyingi.

Kipimo cha haraka cha hepatitis B, kile cha mistari, hutafuta kitu kimoja tu: HBsAg, protini ya ganda la kirusi. Mwanya uko hapo. Kirusi hiki hujinakili kwa kimeng'enya kisichorudi nyuma kusahihisha makosa yake. Makosa mengi hukiua chenyewe, lakini machache hubadili umbo la ganda. Linalofahamika zaidi liko nafasi ya 145 ya protini hiyo, ambapo asidi amino moja, glisini, hugeuka kuwa nyingine, arjinini. Lilielezwa mwaka 1990 kwa mtoto wa Italia aliyeambukizwa ingawa alikuwa amechanjwa. Kingamwili zilizomo kwenye kipimo zimeandaliwa kushika umbo la zamani. Zikikutana na umbo jipya, hazishiki, na jibu linatoka hasi. Mabadiliko mengine hupunguza tu HBsAg inayoingia kwenye damu, hadi isionekane.

Usichanganye haya na badiliko la nafasi ya 1896 kwenye jeni za kirusi. Hilo huzima HBeAg, protini nyingine ya kirusi inayotumika kama dalili kwamba kinazaliana, na HBsAg hubaki ikionekana. Hatari yake ni kumfanya mtu aambiwe kirusi kimelala wakati kinazaliana.

Ombeni vipimo viwili kwa pamoja: anti-HBc ya jumla, na HBV DNA, yaani wingi wa virusi. Anti-HBc hutazama kingamwili za kiini, ambazo badiliko la ganda haliziathiri. Ikiwa chanya peke yake, huenda ni alama ya maambukizi ya zamani yaliyokwisha. DNA ndiyo itakayoamua. Nayo anti-HBc ikiwa hasi, bado msiiache DNA.

Wakati mnasubiri, mwambieni daktari kila anachotumia: dawa za TB, miti shamba, hata vidonge vya kupunguza uzito. Kwa mwanamke wa umri wake ningepima pia kama kinga yake mwenyewe inashambulia ini, na ningefanya ultrasaundi kuangalia mafuta.

Jambo moja nalisisitiza: asianzishiwe prednisoloni, dawa inayoshusha kinga, kabla majibu ya hepatitis B hayajatoka. Kirusi kilichojificha kikipata kinga iliyoshushwa, huweza kuamka na kuliharibu ini kwa wiki chache.